Baba Alivyonifukuzisha Kazi Kwenye Gemu

Nimefukuzwa kazi mara moja tu maishani, na aliyenifukuzisha ni baba yangu mzazi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kwenye gemu. Najua utacheka, basi cheka umalize kabisa, kisha unisikilize, maana mimi ilinichukua wiki nzima kuacha kununa.

Mimi ni karani wa masijala. Kutwa nabeba mafaili, naandika namba za barua zinazoingia na zinazotoka, nagonga mihuri. Jioni narudi Madale, napanda kile kilima chetu chenye makorongo, naoga, nakaa mbele ya televisheni na kuwa dereva wa mbio za magari. Gemu langu lina vipengele vingi, lakini ninachokipenda ni kile kinachoitwa karia, yaani maisha ya kazi. Humo hukimbii mbio moja ukaenda zako. Unaajiriwa. Unaanza na timu ya mkiani, yenye gari lisiloweza kulipita hata lori la mchanga. Una mkataba, una bosi anayekununia, na una mwenzako wa timu ambaye akikushinda kwa nukta moja ya sekunde anasifiwa kama kaokoa nchi. Kila mbio ikiisha mashine inahifadhi matokeo yenyewe. Hakuna kurudi nyuma, hakuna kuomba radhi, umekosea umekosea.

Miaka miwili nilihangaika na karia hiyo. Nilikuwa nikichelewa breki kwenye kona moja tu, jasho la wiki nzima linakwenda na maji. Kuna Jumapili nilirusha ndala ikagonga ukuta, na alama yake ipo mpaka leo. Msimu wa tatu nikafika pazuri. Zilibaki mbio sita, na sharti la mkataba lilikuwa moja: timu yetu isimalize ya mwisho. Ikimaliza ya mwisho, mimi nje.

Hapo ndipo baba akaja kutoka Masasi.

Baba alikuwa dereva wa serikali miaka thelathini na moja. Alianza kama utingo wa lori la korosho, yule anayekaa pembeni ya dereva na kumwangalizia njia, akapanda taratibu mpaka akawa anaendesha wakubwa. Hajawahi kugonga hata kuku. Hilo la kuku analisema yeye mwenyewe, kila siku, hata kama hujauliza. Safari hii alikuja kwa sababu mama alinipigia simu akanong'ona, "Baba yako siku hizi anamimina chai nje ya kikombe. Ukimwambia, anasema kikombe ndio kimesogea."

Nikampeleka kwa daktari wa macho. Daktari, kijana mpole, alimpima muda mrefu, akatuambia ni presha ya macho. Akasema mambo mawili: mzee atie dawa ya matone kila siku bila kuruka, na asiendeshe tena gari. Baba alisikia la kwanza. La pili lilipita kama upepo. Tulipotoka nje akaninyooshea mkono na kusema, "Lete ufunguo, mama, nikurudishe nyumbani." Ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Ukiitwa hivyo na baba yako, kukataa kitu ni kazi kubwa.

Nilimwambia gari lina kelele kwenye gia, wacha niendeshe mwenyewe nilisikilize. Kesho yake nikasema mafuta hayatoshi. Keshokutwa nikasema bima. Siku za kazi gari hubaki nyumbani kwa sababu ya foleni, mimi hupanda bodaboda hadi barabara kubwa, kwa hiyo kila asubuhi nilimwacha baba na gari peke yao. Ufunguo nikaufukia kwenye pipa la mchele. Niliongopa kila uongo uliokuwepo, ila ukweli ulinishinda. Nimwambieje mtu wa namna ile kwamba hawezi kuendesha? Nilikuwa mwoga, na nakiri.

Basi Jumamosi moja, baada ya kuniomba ufunguo mara tatu kabla ya chai, nikampa padi ya gemu, ile ya vitufe inayoshikwa mikononi. Nikamwambia, "Baba, endesha hili."

Nilitaka kumfungulia karia yake mwenyewe. Akakataa. "Gari moja, madereva wawili," akasema. "Safari ndefu ndivyo inavyokwenda. Wewe kipande chako, mimi kipande changu." Nikamwonyesha sehemu ya mazoezi. Akaniangalia kama nimemwita mwanafunzi. Kwa kuwa ni baba yangu, na kwa kuwa nilikuwa nimeuficha ufunguo kwenye mchele, nikakubali tupokezane. Mbio ya kwanza yangu, ya pili yake, mpaka msimu uishe. Kosa kubwa kuliko hilo sijapata kulifanya.

Nikakimbia ya kwanza, nikamaliza wa kumi na moja, nikampa padi nikiwa na furaha. Baba akavuta kigoda mpaka karibu kabisa na televisheni, pua inakaribia kugusa kioo. Nikamwambia arudi nyuma, ataharibu macho. Akasema, "Dereva hukaa mbele."

Taa za kuanzisha mbio zikazimika, magari yakaondoka. Baba hakuondoka. Alikuwa anageuzageuza padi.

"Indikata iko wapi?"

"Haina indikata, baba. Kanyaga!"

"Haina? Sasa aliye nyuma yangu akitaka kupita, nitamwambiaje kwamba mbele kuna gari linakuja?"

Anayesafiri barabara za mikoani anajua alichokuwa anakisema. Lori likiwa mbele yako likawasha taa ya kulia, linakuambia tulia, mbele kuna gari. Likiwasha ya kushoto, pita. Ni lugha kamili, na baba anaizungumza vizuri kuliko Kiingereza.

"Hakuna gari linalokuja," nikasema huku nimeshika kichwa. "Wote tunaenda upande mmoja."

"Wote? Wanakwenda wapi?"

"Wanazunguka, baba. Wanarudi walipoanzia."

Akayatazama magari. "Na mafuta yote haya?"

Tulimaliza wa mwisho. Baada ya mbio, gemu humleta mwandishi wa habari akuulize maswali, na unachagua jibu. Mwandishi akauliza kosa lilikuwa la nani. Majibu yalikuwepo matatu: la mafundi, la dereva, au sitaki kusema. Nikamtafsiria baba, nikamwambia achague la mafundi, gari letu kweli ni bovu na bosi atatuhurumia. Baba akakataa katakata. Dereva akimsingizia fundi leo, akasema, kesho fundi atamfungia nati nusu. Akachagua kosa ni lake. Bosi akatupunguzia imani papo hapo, mshale mwekundu ukashuka chini. Baba akauliza kwa nini yule mwandishi hakuamkia kwanza.

Mbio ya tatu nikaikimbia mimi kwa hasira, nikachukua nafasi ya tisa. Nikapata pointi. Nikapumua. Kabla baba hajaanza ya nne nikamkalisha chini nimfundishe bendera. Ya njano, punguza mwendo. Ya buluu, wenye kasi wako nyuma yako, wapishe. Nilipaswa kuumeza ulimi wangu kabla ya kulisema hilo la mwisho.

Mzunguko wa kumi, bendera ya buluu ikatokea. Baba akapeleka gari kushoto, akatoka nje ya barabara kabisa, akaingia kwenye majani, akasimama. Akaweka padi kwenye mapaja na kukunja mikono.

"Baba! Unafanya nini?"

"Si umesema nipishe?"

"Kupisha ni kusogea kidogo tu! Twende!"

"Msafara haupishwi kidogo," akasema. "Msafara unapishwa."

Akasubiri. Gari la kwanza likapita, la pili, la tatu. Miaka thelathini na moja ya kukaa ama ndani ya msafara wa viongozi ama kando yake ilikuwa imekaa pale kwenye kigoda, imetulia tuli, inasikiliza. Kila nikisema twende, anasema bado. Yalipopita yote na kelele zikafifia, akauliza, "Umeisha?" ndipo akarudi barabarani. Mle kwenye redio mhandisi wa timu alikuwa anapiga kelele kwa Kiingereza. Baba akaniuliza anasemaje. Nikasema anakusalimia.

Nilikwenda jikoni nikakata vitunguu visivyo na kazi.

Katikati ya mambo hayo likatokea lingine. Jumatano moja nilirudi kutoka kazini nikakuta kioo cha pembeni cha gari langu, cha upande wa kulia, kinaning'inia kwa waya, na mlango una mchubuko mrefu. Gari huwa nalilaza nje ya ukuta kwa kuwa geti ni jembamba, na bodaboda hupita pale kama nyuki. Sikuuliza mtu. Nilishuka moja kwa moja hadi kijiweni kwao na kuwatolea maneno ambayo karani wa serikali hatakiwi kuyajua.

"Sista, si sie," mmoja akasema. "Mungu mmoja, si sie. Hebu tulia kwanza."

Sikutulia. Nilirudi nyumbani, nikamsimulia baba. Alikuwa anakoroga uji. Aliendelea kukoroga mpaka uji ukapoa. Ila tangu siku hiyo hakuniomba ufunguo tena, nami nikashukuru, nikadhani hatimaye gemu limemtosha.

Ya tano nikapambana, nikawa wa kumi. Hesabu ikawa hivi: timu yetu ilikuwa juu ya timu ya magari mekundu kwa pointi moja tu, na hao wekundu ndio waliokuwa mkiani. Ilitosha gari letu litangulie mbele ya gari jekundu kwenye mbio ya mwisho. Na mbio ya mwisho, kwa zamu, ilikuwa ya baba.

Nilimwomba. Nilipika pweza wa nazi, nikamwekea maji ya kunawa, nikamwomba. "Baba, hii moja nipe mimi."

"Zamu ni zamu."

"Nitakupa mbili mfululizo msimu ujao."

"Dereva haibi kipande cha mwenzake," akasema huku anavuta kigoda chake.

Niseme haki: alikimbia vizuri kuliko siku zote. Alikuwa ameshaijua breki. Kona za kushoto alizikata kama anakata embe, na gari jekundu lilikuwa nyuma yetu mizunguko yote. Nilisahau hasira, nilisimama juu ya kochi nikishangilia. Mzunguko wa mwisho, kona tatu zimebaki, jekundu likaanza kuja kwa upande wa kulia. Lilijaza kipande kizima cha kioo cha televisheni. Hata kuku angeliona.

"Kulia, baba! Kulia yupo!"

Baba akaendelea kuegemea kulia, taratibu, kama hakuna mtu.

"Baba, kulia!"

Wakagongana. Tukazunguka mara tatu, tukaingia kwenye mchanga, jekundu likayumba na kuendelea, likamaliza mbele yetu na kuchukua pointi zilizotutupa mkiani. Miaka miwili. Nafasi ya tisa niliyoitolea jasho, kona nilizojifunza moja moja kama aya za kukariri, vyote mchangani.

"Hivi baba huoni?" nilipiga kelele. "Gari zima jekundu, huoni?"

Sijawahi kumpigia baba kelele maishani mwangu. Kwetu hakuna kitu kama hicho. Sauti yangu ilipoisha nikaisikia inarudi kutoka ukutani, nikaona aibu, nikashuka kwenye kochi.

Baba aliweka padi sakafuni kwa uangalifu, kama anaweka yai.

"Sioni," akasema.

Nikadhani anajibu kwa hasira.

"Upande wa kulia sioni, mama. Tangu mwaka juzi. Mbele naona, kushoto naona. Kulia kuna giza, hata mchana."

Nikakaa chini pale pale sakafuni. Ikanijia ile chai aliyoisema mama, inayomwagika nje ya kikombe, na kigoda kinachosogezwa mpaka puani mwa televisheni. Ukanijia na ule msafara. Nilimuuliza kuhusu msafara.

"Nilikuwa nasubiri niwasikie wamekwisha," akasema. "Kupisha ni adabu. Lakini kama huoni, pisha hata kama huna adabu."

Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa ufunguo. Haukuwa ule wa kwenye mchele. Ulikuwa wa akiba, nilioutupa kwenye droo ya kabati siku nilipolinunua gari na kuusahau. Akauweka mkononi mwangu, wa moto kwa joto la kifua chake.

"Kile kioo si bodaboda. Nilitaka nifike hadi dukani tu na kurudi. Kwenye kona nikasikia kishindo. Nikashuka, nikakuta ni nguzo." Akavikunja vidole vyangu juu ya ufunguo. "Ingekuwa mtu, mama? Ningesikia kishindo hicho hicho."

Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini pale wafichaji tulikuwa wawili: yeye kaficha macho, mimi nimeficha ufunguo na kuyakwepa maneno ya daktari. Nilikuwa nimemwachia mzee gari kila asubuhi, nikaenda zangu kugonga mihuri, nikijiona mjanja kwa sababu ya pipa la mchele. Nililia. Nililia kwa hasira, nyingi ikiwa ya kujikasirikia mwenyewe.

Kwenye televisheni bosi wa timu alikuwa ametokea, kavaa shati la timu, uso wa mbao. Maandishi yakajipanga chini yake.

"Anasemaje?" baba akauliza.

"Anasema mkataba umeisha. Hawatuhitaji tena."

Baba akamwangalia yule bosi muda mrefu. "Mimi serikali iliniaga kwa mabati ishirini," akasema. "Hawa hata bati moja hawatoi?"

Nilicheka na makamasi yakatoka.

Kesho yake tulishuka wote hadi kijiwe cha bodaboda. Nilimshika baba mkono wa kulia, na kwa mara ya kwanza hakuuondoa. Wale vijana walisema shikamoo mzee wote kwa pamoja, baba akaitikia, akawaambia yeye ndiye aliyevunja kioo na mtoto wake anaomba radhi. Yule aliyeniambia nitulie akaniangalia akasema, "Sista, siku ingine uulizage kwanza." Nilistahili.

Lakini kununa nilinuna. Kuhurumia ni kitu kimoja na karia ya miaka miwili ni kitu kingine. Wiki nzima sikuigusa ile mashine. Baba alitia matone yake asubuhi na jioni, mimi nikawa nayahesabu. Jumamosi nikamkuta amekaa kwenye kigoda, televisheni imezimwa, padi iko mapajani.

"Tutafute kazi," akasema.

Ikapatikana. Timu moja tu ilitutaka, mbovu kuliko ile ya kwanza, gari la rangi ya haradali. Baba akanionyesha mkeka upande wake wa kulia.

"Kaa hapo. Wewe utingo."

"Mimi? Karia ni yangu, baba!"

"Utingo," akarudia. "Mimi nilianzia hapo hapo. Kazi yako ni upande nisiouona. Nikiuliza, unajibu."

Nilikaa. Ni utingo mbaya, nikubali, na baba hakunificha. Nilikuwa nasema "angalia!" naye anafoka, "Niangalie wapi? Ningekuwa naona ningekuweka hapo? Sema yupo, au kama hayupo sema njia nyeupe. Mengine ni kelele." Nilimjibu kwamba dereva gani anafokea watu akiwa wa kumi na tisa. Akasema dereva mwenye utingo mzembe. Tuligombana mizunguko kumi, na sijui lini nilifurahi namna ile.

Mbele yetu ikatokea gari moja la kijivu, linasuasua. Kulipita ilikuwa lazima tutokee kulia. Tangu aanze gemu baba hajawahi kumpita mtu kwa kulia, na sasa nilijua sababu. Alilisogelea, akakaa nyuma yake. Kidole kikapanda juu ya kitufe cha mafuta kikangoja.

"Kulia?"

Nilikuwa namwangalia yeye, jicho lake lile la kulia lililokuwa linaelekea kwangu na halinioni.

"Utingo! Umelala?"

Nikageuka haraka nikaangalia barabara.

"Njia nyeupe, baba."

Akakanyaga.